Kabla Hujanunua Punda: Mchanga au Aliyezoea Kazi?

Watu wanaotaka kuanza biashara ya kubeba maji, mchanga au mazao huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: ninunue punda mchanga nimkuze mwenyewe, au nichukue aliyezoea kazi nianze naye kesho? Mchanga ana miaka mingi mbele yake, na bado hajapigwa wala kujeruhiwa. Aliyezoea anaujua mzigo, anaijua njia, na anaanza kurudisha pesa wiki ileile anayofika nyumbani. Kwa mtu ambaye hajawahi kumiliki punda, jibu langu huwa moja: tafuta mnyama mwenye afya wa miaka 6 hadi 12, ambaye tayari anafanya kazi ileile unayotaka akufanyie. Mchanga mwachie mtu mwenye punda wengine wakubwa, mwenye subira, na mwenye kipato kingine cha kumlisha miaka miwili bila kumdai chochote.

Uamuzi huu una uzito leo kuliko ulivyokuwa kwa wazee wetu. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8. Ile ya 2019 ilikuta chini kidogo ya milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, yalifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi za kupelekwa China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya jadi iitwayo ejiao. Wizi ukaenea, watu waliokuwa wakiishi kwa mkokoteni wakaamka wakakuta zizi tupu, na bei ya punda ikapanda. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Lakini punda hazaliani kama mbuzi. Mimba yake huchukua takriban mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja. Pengo la namna hiyo halizibiki upesi, na mnyama anapokuwa adimu ndipo mnadani huletwa watoto wanaosemwa ni wakubwa, na wazee wanaosemwa ni vijana.

Tuanze na huyo mchanga. Wengi humhesabu punda kuwa mkubwa akishalingana kimo na mama yake, na kimo hudanganya. Punda wa miaka 2 anaweza kuwa mrefu wa kutosha huku mifupa yake, hasa ya uti wa mgongo, bado haijakomaa. Ukimpakia madumu manne ya lita 20 atakwenda nayo, na siku hiyo hutaona kasoro yoyote. Kasoro utaiona baadaye, katika umri ambao angekuwa kwenye kilele cha nguvu zake: mgongo umebonyea, magoti ya mbele yamesukumwa mbele, anajikwaa kila penye kokoto. Kuanzia miaka 3 anaweza kuzoeshwa kuvaa matandiko na kuvuta mkokoteni mtupu. Kazi nyepesi aianze akikaribia miaka 4, na mzigo kamili usubiri hadi afike miaka 5. Hata huo mzigo kamili una mpaka wake. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 180, na mgongo haustahili kubeba zaidi ya theluthi ya hapo. Yaani madumu mawili, au matatu kwa mwenye mwili mkubwa. Kwenye mkokoteni uliosawazishwa vizuri, wenye magurudumu yanayozunguka bila kukwama, atavuta zaidi ya hapo, kwa sababu ekseli ndiyo inayobeba uzito.

Umri usiuamini mdomo wa muuzaji wakati mdomo wa punda upo. Simama ubavuni mwa kichwa chake, usisimame mbele. Mkono mmoja ushike hatamu. Kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili, inua mdomo wa juu na ushushe wa chini, bila kumpanua taya. Utaona meno ya mbele sita juu na sita chini. Meno ya utoto ni madogo, meupe, yamebanwa pale yanapoingia kwenye ufizi. Ya kudumu ni makubwa, yana umanjano, na yana mifuo inayoshuka wima. Jozi ya katikati hubadilika punda akiwa na miaka miwili na nusu hivi, jozi inayofuata mwaka mmoja baadaye, na ya pembeni akiwa na miaka minne na nusu. Basi ukikuta meno mawili makubwa katikati na madogo mawili kila upande, huyo hajatimiza miaka minne, hata muuzaji aape kwa mizimu ya kwao.

Baada ya miaka 5 usomaji unakuwa mgumu. Vishimo vyeusi vilivyo juu ya meno hufifia kadiri yanavyosagika, na kwa mzee meno ya juu na ya chini huacha kukutana wima, yakachomoza kuelekea mbele. Hapo hata daktari wa mifugo hukadiria, na punda aliyelishwa kwenye ardhi ya mchanga huonekana mzee kuliko alivyo. Usipoteze nguvu kubishana kama ana miaka 9 au 11. Unachotaka kukijua ni mambo mawili: kwamba amepita 5, na kwamba bado anatafuna. Mpe konzi ya majani makavu kisha umtazame hadi amalize. Akidondosha madonge yaliyotafunwa nusu, magego yake yana kasoro, na punda asiyeweza kutafuna hatanenepa hata ukimwekea hori lililojaa.

Sasa tuje kwa aliyezoea, maana kwake ndiko wanunuzi wengi hutupa pesa. Muuzaji akikwambia huyu amezoea kazi, muulize: kazi gani?

Katika mji wa kale wa Lamu, wenye vichochoro visivyopitisha gari, punda hubeba mgongoni. Saruji, mchanga, na mawe ya matumbawe yanayoshushwa kutoka majahazini huingia mjini juu ya wanyama hawa. Punda wa huko anajua kupishana na watu mahali ambapo mabega mawili hayatoshi, anajua kusimama akipakiwa huku watu wakipiga kelele pande zote, na anajua kupanda ngazi. Punda wa mfugaji wa Kajiado, Samburu au Turkana naye hubeba mgongoni, lakini nchi yake ni wazi, anatembea na kundi, na anayemwongoza mara nyingi ni mwanamke aliyemfahamu tangu alipozaliwa. Wa Limuru au Naivasha huvuta mkokoteni kwenye lami, matatu zikimpita kwa honi na lori likimpulizia moshi usoni. Wa Mwea huvuta mpunga kwenye tope.

Wote hawa ni wazoefu, na kila mmoja ukimhamishia kazi ya mwenzake umepata mwanafunzi. Punda aliyebeba madumu nyikani miaka 8 hajawahi kusikia kitu kikimfuata nyuma kwa kishindo. Mfunge kwenye mkokoteni leo, umpige mjeledi aondoke, na unaweza kumharibu kwa siku moja. Atasimama kama aliyepigwa msumari, kwa sababu punda anapoogopa hukauka mahali alipo badala ya kutimka kama farasi, nawe utadhani ni ukaidi na kuongeza kipigo. Au kweli atatimka, na mkokoteni utamfuata ukimgonga miguu ya nyuma. Mnyama huyo anaweza kujifunza, tena vizuri, maana amekwisha kuzoea kamba, mkono wa mtu na kuinuliwa miguu. Lakini atahitaji wiki kadhaa za kufundishwa polepole, na usikubali kulipa bei ya punda wa mkokoteni kwa punda ambaye hajawahi kuuvuta.

Kwa hiyo mwombe muuzaji afanye naye kazi mbele yako. Punda aliyefungwa mtini mnadani ni mbuzi kwenye gunia. Nenda kwa mwenyewe, nyumbani au kazini, tena ufike kabla ya saa mliyoagana, ili umkute alivyo. Tazama anavyokamatwa: anamfuata mwenye kamba, au anazungushwa uwanja mzima? Mtazame akivalishwa matandiko. Akikunja masikio nyuma na kutaka kuuma kamba ya kifuani inapomgusa, pana kidonda au pana kumbukumbu ya kidonda. Kisha aende na mzigo wake wa kawaida, apinde kushoto na kulia, arudishe mkokoteni nyuma, asimame dakika kadhaa barabarani akisubiri. Mwambie mwenye punda amwongoze mbali na wenzake, maana wapo wanaofanya kazi wakiwa wawili tu, na akibaki peke yake hasogei. Mwishowe omba umwongoze wewe mwenyewe. Punda humtii mtu anayemjua, na mara nyingi ule upole uliokupendeza ni wa mwenyewe, si wa kila anayeshika kamba.

Akiwa amesimama baada ya kazi, mzunguke taratibu ukimsoma kwa vidole. Chukua muda wako hapa. Pitisha kiganja juu ya mabega, kando ya uti wa mgongo, kifuani, chini ya mkia na nyuma ya masikio. Mabaka ya manyoya meupe mahali ambapo matandiko hukaa ni vidonda vilivyopona: ngozi ilijeruhiwa kwa kina, na nywele zilizoota upya zikakosa rangi. Baka moja dogo kwa mnyama wa miaka 10 halinitishi. Mabaka makubwa pande zote mbili, au kovu gumu lisilo na nywele juu ya mabega, yanasema kwamba matandiko yalikuwa mabaya kwa miaka, na mahali hapo patachubuka tena. Makovu mbele ya magoti ni ya kuanguka. Mistari ya moto iliyochorwa mguuni au ubavuni inaonyesha aliwahi kuugua au kuchechemea, akatibiwa kwa chuma cha moto. Muulize muuzaji aliugua nini, kisha mtazame usoni anapokujibu.

Halafu inua miguu yote minne, mmoja mmoja. Ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama wima kuliko wa farasi, kwa hiyo usiogope umbo hilo. Ogopa kwato ndefu zilizojikunja mbele kama kiatu cha sultani, ogopa mistari mipana inayouzunguka ukwato na kuachana kuelekea kisigino, na ogopa harufu ya uozo ukichokonoa chini. Mtembeze kwenye ardhi ngumu, aende na arudi, kisha azunguke kwenye duara dogo pande zote mbili. Kichwa kinachopanda na kushuka kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga ni cha mnyama mwenye maumivu.

Kuna jambo moja ambalo huwaponza hata wafugaji wa ng'ombe wenye uzoefu mrefu. Punda huficha maumivu. Anaweza kusimama kimya, kichwa chini, masikio yamelegea pembeni, na mnunuzi akasema: "Huyu ni mpole, ndiye ninayemtaka." Kumbe anaumwa. Punda mzima huwa na hamu ya kujua mambo. Ukimkaribia, angalau sikio moja hugeuka kukufuata, jicho linakutazama, pua inanusa mkono wako. Nasikia watu wakisema asante ya punda ni mateke, na methali hiyo imewagharimu wanyama wengi vipigo wasivyostahili. Mengi ya mateke niliyoyaona yalitoka kwa punda aliyeguswa mahali panapouma, au aliyejifunza kwamba mkono ukiinuka kinachofuata ni fimbo. Kati ya anayerusha teke akiguswa mgongoni na yule asiyeitikia chochote kabisa, wote wawili wanahitaji daktari kabla hujatoa pesa. Ada ya uchunguzi wa daktari wa mifugo ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya mnyama.

Sipendi uelewe kwamba mchanga ni ununuzi mbaya. Kwa mtu mwenye punda jike mkubwa aliyetulia, mchanga wa miaka miwili au mitatu ni hazina, kwa sababu mwalimu wake yupo tayari zizini. Punda hujifunza kwa kutazama wenzake. Ukimtembeza mchanga ubavuni mwa mkubwa anayekwenda sokoni, bila mzigo, atazoea pikipiki, madaraja na mbwa akiwa na mtu wa kumtegemea. Siku utakapomfunga kwenye mkokoteni mtupu, jambo pekee geni litakuwa mlio wa magurudumu. Na anachojifunza punda hakitoki kichwani mwake, kizuri au kibaya. Mtu aliyemfundisha mnyama wake kwa utulivu hupata mfanyakazi anayeweza kumtumikia hadi umri wa miaka 20 na zaidi, maana punda anayetunzwa huvuka miaka 30. Miaka hiyo mingi ndiyo faida halisi ya mchanga, na ni faida kubwa kweli kwa anayeweza kuisubiri.

Kabla hujaamua kwamba unaweza kuisubiri, keti na kalamu. Andika malisho ya kila siku kwa miezi yote hadi atakapotimiza miaka 4, dawa ya minyoo, chanjo za pepopunda na kichaa cha mbwa, na mtu wa kupunguza kwato kila baada ya miezi miwili hivi. Ukinunua dume, ongeza gharama ya kumhasi, na ni afadhali afanyiwe akiwa bado mdogo, kabla ya miezi 18, kwa sababu dume lisilohasiwa huvunja kamba kufuata majike, huuma na kupigana. Jumlisha yote juu ya bei ya kumnunua. Mara nyingi utakuta yule mchanga wa bei nafuu amempita mzoefu kwa gharama hata kabla hajabeba dumu la kwanza. Na kama pesa ya kula ya nyumba yako itatoka mgongoni mwake, najua kitakachotokea, hata uwe na nia njema kiasi gani: ada ya shule itafika, naye atapakiwa kabla ya wakati wake.

Ipo njia ya katikati ambayo hukumbukwa na wachache: kununua jike aliyezoea kazi akiwa na mtoto wake. Mama anakufanyia kazi, mtoto anakua akimfuata na kujifunza, nawe baada ya miaka michache una wawili. Lakini mtoto hunyonya hadi miezi 6 hivi, na mama anayenyonyesha hawezi mzigo wa kila siku kama kawaida. Akiwa na mimba, miezi mitatu ya mwisho asibebeshwe chochote kizito. Ni mpango mzuri kwa mkulima mwenye kazi ya msimu. Kwa mchuuzi wa maji wa mjini anayehitaji safari kila asubuhi, haumfai.

Na wale waliopita miaka 15? Wasidharauliwe. Kikongwe mwenye meno mazuri na kwato safi anamfaa sana mama mwenye safari moja fupi kwa siku, au mtoto anayejifunza kuongoza. Bei yake iwe ndogo, mzigo wake uwe mdogo, na ujue tangu mwanzo kwamba siku za uzee wake utamlisha wewe.

Ukishampata unayemtaka, usimalize biashara kwa kupeana mikono tu. Baada ya miaka ile ya wizi, punda asiye na karatasi ni hatari kwako. Andikianeni mkataba wenye alama zake zote: rangi, jinsia, makovu, chapa au mkato wa sikio. Pateni mashahidi, barua ya chifu wa eneo la muuzaji, na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo kama anavuka kwenda kaunti au wilaya nyingine. Muuzaji anayekwepa hatua hizi huenda anamuuza punda wa mtu.

Muulize pia ni mnyama gani amekuwa akilala naye. Punda hushikamana wawili wawili, mara nyingine kwa maisha yao yote, na kumtenga mmoja kunaweza kumfanya aache kula. Hili si jambo la huruma peke yake. Punda anapokaa bila kula, mwili wake humwaga mafuta kwenye damu ili kupata nguvu, na mafuta hayo yanaweza kuliharibu ini na kumuua kwa siku chache, hasa akiwa mnene au jike mwenye mimba. Ukiweza, wanunue wote wawili. Ukishindwa, hakikisha anakokwenda yupo punda mwingine, na uwatenganishe siku chache za kwanza kwa ua unaowaruhusu kuonana, ili kama kuna ugonjwa au minyoo isiwafikie wote.

Wiki ya kwanza usimpe kazi. Mpe malisho aliyoyazoea huko alikotoka, ukiyachanganya kidogo kidogo na ya kwako, maji safi muda wote, na kivuli. Wiki ya pili aanze kwa nusu ya mzigo kwenye njia fupi, akiongozwa na mtu yuleyule mmoja kila siku. Kila asubuhi tazama hori na kinyesi kabla hujatazama matandiko. Siku atakayoacha chakula bila kukigusa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho.